Kutoka Kaseti Tupu hadi R4

Machi 2000, mteja wa duka la Lawson nchini Japani aliweza kuingia na kaseti tupu ya Game Boy na kutoka nayo ikiwa na gemu ndani. Alichagua gemu kwenye mashine ya Loppi iliyosimama dukani, akalipa kaunta, kaseti ikaandikwa. Akiichoka gemu ile alirudi, akalipa tena, ya zamani ikafutwa na mpya ikashika nafasi yake. Huduma hiyo iliitwa Nintendo Power, na mwenye nayo ilikuwa Nintendo yenyewe, kampuni ambayo miaka michache baadaye ingezunguka mahakama za nchi kadhaa ikizipiga vita kaseti za kuandikika zilizotengenezwa na wengine. Huduma ilianza Septemba 1997 kwa kaseti za Super Famicom, ikafika kwenye Game Boy tarehe 1 Machi 2000, ikafungwa mwishoni mwa Februari 2007. Kaseti ya Game Boy ilibeba megabaiti 1 ya memori ya flashi, imegawanywa vipande vinane: kimoja kikichukuliwa na menyu, saba vikibaki kwa ajili ya gemu.

Naianzia hapo kwa makusudi. Kaseti za flashi zimesimuliwa mno kama historia ya wizi, na wizi ulikuwepo, tena mkubwa. Lakini ukizichunguza moja baada ya nyingine, kuanzia zile za Game Boy hadi kadi ndogo za Nintendo DS, unaona kwamba kila mashine ilisoma memori kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo iliyoamua kaseti ipi itakuwa ghali, ipi itakuwa nafuu, na ipi itampotezea mchezaji kazi yake ya wiki nzima. Unaona pia kwamba kadi iliyoteka soko kuliko zote haikuwa kadi bora.

Memori ya flashi yenyewe ilizaliwa ndani ya kampuni ya Toshiba, kwa kazi ya mhandisi Fujio Masuoka. Mwaka 1984 aliiwasilisha mbele ya wahandisi wenzake huko San Francisco, na mwaka 1987 yakafuata maelezo ya aina ya pili, NAND. Jina la flashi lilitoka kwa mwenzake, Shoji Ariizumi, ambaye alipoiona chipu ikifuta data kwa mpigo mmoja alikumbuka mmweko wa kamera. Masuoka alikuja kuishtaki Toshiba mwaka 2004 akidai sehemu ya faida, na mwaka 2006 wakapatana kwa yeni milioni 87. Kwa mtu ambaye uvumbuzi wake umo ndani ya karibu kila simu duniani, mimi naona hakulipwa stahili yake.

Aina zile mbili zina tabia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa yote yanayofuata. Chipu ya NOR inairuhusu prosesa kuchukua baiti yoyote inayoitaka, papo hapo, bila kupitia kwa mtu. Ubaya wake ni kwamba ni ghali na kuiandika huchukua muda. NAND ni nafuu na hubeba data nyingi, ila husomwa kwa mafungu, si baiti mojamoja. Memori kadi za simu, zile ambazo vijana wa vibanda vya Kariakoo na River Road walizijaza nyimbo kwa miaka, ni NAND.

Game Boy iliingia sokoni Japani tarehe 21 Aprili 1989, kazi ya kikosi kilichoongozwa na Gunpei Yokoi. Kaseti zake za kiwandani zilibeba chipu ambayo data yake iliumbwa pamoja na chipu yenyewe, haifutiki wala haiandikiki. Prosesa ilisoma humo moja kwa moja, kana kwamba kaseti ni sehemu ya mwili wa mashine. Lakini iliweza kuona kilobaiti 32 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo gemu kubwa zaidi zilihitaji chipu ya pili ndani ya kaseti, yenye kazi ya kupokezanisha mafungu ya data mbele ya macho ya prosesa. Anayetaka kutengeneza kaseti ya flashi ya Game Boy hana budi kuiga na chipu hiyo ya pili, na zilikuwepo za aina kadhaa, nyingine zikiwa na saa ndani.

Kinga ya Nintendo dhidi ya watengenezaji wasio na leseni ilikuwa fupi na ya kijanja. Kila unapowasha Game Boy, neno Nintendo linateremka taratibu kutoka juu ya skrini, kisha kengele inalia. Mchoro wa neno lile, baiti 48, hautoki ndani ya mashine. Unatoka ndani ya kaseti. Programu ndogo ya kuwashia, yenye baiti 256 tu, inausoma na kuuonyesha, halafu inausoma tena na kuulinganisha na nakala yake. Ukitofautiana hata kidogo, mashine inagoma. Hesabu ilikuwa ya kisheria: asiye na leseni atalazimika kuonyesha alama ya biashara ya mtu mwingine, na hapo atashtakiwa. Mahakama ya rufaa ya San Francisco iliitikisa hesabu hiyo mwaka 1992 katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade, ambapo Sega ilikuwa imetumia mtego wa namna hiyohiyo ikashindwa. Wengine wala hawakusubiri mahakama. Kwa kuwa Game Boy inausoma mchoro mara mbili, zilitengenezwa kaseti zilizoonyesha nembo yao wenyewe katika usomaji wa kwanza, na nembo ya Nintendo katika usomaji wa pili.

Kaseti za flashi zilizojulikana zaidi mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitoka Hong Kong, kwa kampuni iliyoitwa Bung Enterprises. Kifaa chake, GB Xchanger, kiliunganishwa na kompyuta kupitia tundu la printa. Unachomeka kaseti, unatuma faili, unasubiri. Nintendo iliifikisha Bung mahakamani Marekani, na baada ya muda kampuni ikatoweka sokoni. Kaseti zenyewe ziliuzwa kwa megabiti, si megabaiti, kwa hiyo ile iliyoandikwa 64 ilikuwa na megabaiti 8. Desturi hiyo ya kuhesabu ilidumu miaka mingi na iliwachanganya wanunuzi wengi. Udhaifu mkubwa wa kaseti za wakati ule ulikuwa mahali pa kuhifadhi mchezo. Palikuwa padogo, pa pamoja, tena pakitegemea betri ndogo ya kidonge. Gemu mbili zikikaa kaseti moja, ya pili iliweza kufuta kilichohifadhiwa na ya kwanza.

Pamoja na hayo, kaseti hizo zilizaa kitu ambacho hakuna kiwanda kilichokipanga. Oliver Wittchow, Mjerumani, alikuwa ametengeneza Nanoloop, programu ya kutungia muziki kwenye Game Boy. Mwaka 2000 Msweden Johan Kotlinski akatoa LSDj, iliyogeuza mashine ile ya watoto kuwa ala kamili yenye njia nne za sauti. LSDj haikuwa ikipatikana kwenye rafu za maduka ya gemu. Ilihitaji kaseti ya flashi yenye nafasi ya kutosha ya kuhifadhi, kilobaiti 128, ili nyimbo zisipotee. Wanamuziki walioshika Game Boy jukwaani Stockholm, New York na Tokyo walikuwa wamebeba ndani yake kaseti ambayo kisheria ilitazamwa kwa jicho baya. Nikisikia mtu akisema kaseti za flashi hazikuwa na kazi nyingine ila kuiba, huwa nakumbuka muziki huo.

Game Boy Advance ilitoka Machi 2001 na kuufanya mtihani uwe mgumu zaidi. Bado prosesa ilisoma gemu moja kwa moja ndani ya kaseti, safari hii hadi megabaiti 32, na kwa kasi kubwa. NOR ilifaa, lakini NOR ya megabaiti 32 ilikuwa ghali mno kwa kijana wa kawaida. Kaseti za Flash Advance za kampuni ya Visoly zilifuata njia hiyo na zilicheza gemu vizuri, ila kila ukitaka kubadilisha gemu ilibidi urudi kwenye kompyuta, ufute na kuandika upya.

Ndipo likaja wazo la kuitumia memori kadi. SuperCard na M3 Adapter zilikuwa na tundu la CompactFlash au SD, kadi za NAND zilizokwishakuwa nafuu. Tatizo ni kwamba Game Boy Advance haiwezi kucheza gemu kutoka NAND, kwa sababu prosesa inataka baiti moja hapa na nyingine kule, sasa hivi, wakati NAND inatoa fungu zima kwa hatua. Kwa hiyo kaseti hizi zilibeba RAM ya megabaiti 32: unachagua gemu kwenye menyu, inanakiliwa kutoka kadi kuingia RAM, kisha mashine inasoma RAM ikidhani ni chipu ya kiwandani. Hapo ndipo kaseti zilipoachana. RAM ya SuperCard ilikuwa ya bei nafuu na nzito, kiasi kwamba gemu nyingine zilikwama na kusuasua, hasa zile zenye vitu vingi kwenye skrini; watumiaji wakalazimika kuzipitisha kwanza kwenye programu ya kompyuta iliyozirekebisha. M3 ilikuwa na RAM ya kasi na bei yake ilikuwa juu. EZ-Flash IV ilichukua njia ya katikati: megabaiti 16 za RAM ya kasi kwa gemu za ukubwa huo au chini yake, na NOR kwa zile kubwa, ambazo ziliandikwa polepole mara moja kisha zikakaa.

Na kuhifadhi mchezo? Gemu za Game Boy Advance zilitumia chipu za aina tatu tofauti kwa kazi hiyo, na hata ndani ya aina moja ukubwa ulitofautiana. Kaseti ya flashi haikuweza kubeba zote. Njia ya kawaida ilikuwa kuirekebisha gemu yenyewe ili, badala ya kuitafuta chipu yake ya asili, iandike kwenye RAM ndogo yenye betri, na baadaye kaseti ihamishe yaliyoandikwa kwenda memori kadi. Huo uhamisho ndio uliowaliza watu. Kwenye kaseti nyingi ulifanyika ukiwasha mashine mara ya pili, au ukibonyeza vitufe fulani kwa pamoja. Aliyesahau, au ambaye betri yake ilikuwa imekufa bila yeye kujua, aliwasha mashine na kukuta hakuna kitu. Ndiyo maana siku zote nimeipima kaseti kwanza kwa swali hili: mchezo wangu unahifadhiwa wapi, na unafika huko lini?

Nintendo DS, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 21 Novemba 2004, ilivunja desturi ya tangu 1989. Ilikuwa na matundu mawili. La chini lilipokea kaseti za Game Boy Advance. La juu lilipokea kadi mpya, nyembamba, ambayo prosesa haikuisoma moja kwa moja tena. Mashine ilituma amri, kadi ikarudisha fungu la baiti 512, na fungu hilo likaingia kwenye RAM ya mashine yenyewe, megabaiti 4. Karibu mazungumzo yote kati yao yalikuwa kwa fiche. Wahandisi wa Nintendo waliweka ukuta imara mlangoni, lakini nyuma ya ukuta huo walikuwa wamejenga mashine inayosoma kwa mafungu, yaani kwa lugha ileile ya NAND. Siku ukuta ukivunjwa, memori kadi ya simu ingetosha. RAM ya kasi, NOR ya ghali, vyote vingekuwa havihitajiki tena.

Ukuta ulivunjwa kwa awamu, na awamu hizo zinasisimua hata leo. Mwaka 2005 watu waliitumia njia ya hewani: DS ilikubali kupokea gemu za majaribio kupitia mawimbi, na kompyuta yenye kadi ya Wi-Fi ya aina fulani iliweza kujifanya ndiyo mtumaji. Ilikuwepo pia PassMe, kipande cha plastiki na chipu kilichokaa kati ya mashine na kadi halali ya dukani. Mashine na kadi ziliamkiana kwa fiche kama kawaida. PassMe ilisikiliza, ikasubiri mahali pazuri, ikabadilisha maneno machache ili mashine, badala ya kuanza gemu ya kadi, irukie kaseti iliyo kwenye tundu la chini. Umbo lake lilichomoza juu ya DS kama kibanio, na usingeweza kuitia mfukoni bila wasiwasi. Mwaka 2006 fiche yenyewe ikafumbuliwa, na vikatokea vifaa vilivyoitwa NoPass, visivyohitaji kadi halali ya kuegemea.

Kuanzia hapo tundu la chini halikuwa na maana tena kwa gemu za DS. Mwishoni mwa 2006 ilitoka DS-X, kadi ya tundu la juu yenye NAND ya megabaiti 512 ndani yake, waya wa USB na taa za rangi. Ilikuwa nzuri, lakini nafasi yake haikuongezeka hata ungefanyaje, na bei iliwashinda wengi. Wakati huohuo hasa ikaingia R4.

Mtu akiuliza kwa nini R4 ilishinda, mwambie awashe moja. Kadi nyeupe yenye ukubwa uleule wa kadi ya dukani, na tundu dogo la microSD. Ukiwasha mashine unakutana na picha tatu kwenye skrini: gemu, muziki na video, na tundu la chini. Basi. Kuweka gemu ni kuburuta faili kutoka kompyuta kwenda microSD, bila programu ya kurekebisha, bila kuchagua aina ya kuhifadhi, bila kusoma maelekezo. Upande wa muziki na video ulikuwa Moonshell, programu ya bure iliyoandikwa na mpenzi wa DS nchini Japani, na kwa watoto wengi DS yenye R4 ndiyo ilikuwa kichezeo chao cha kwanza cha nyimbo. Mchezo ulihifadhiwa papo hapo kama faili ya kawaida ndani ya microSD. Wale waliokwisha kupoteza saa zao kwenye kaseti za Game Boy Advance waliliona jambo hilo kuwa ukombozi, na walikuwa na haki.

Hata hivyo, ndani ya mwaka mmoja zilikuwepo kadi zilizoizidi. R4 ya mwanzo haikutambua microSD za SDHC, kwa hiyo ilikomea gigabaiti 2. CycloDS Evolution ilizikubali, na iliweza kufunguliwa menyu katikati ya gemu, kupunguza kasi, hata kuhifadhi mahali popote. EZ-Flash V ilifanya kazi pamoja na kaseti ndogo ya tundu la chini iliyorudisha uwezo wa kucheza gemu za Game Boy Advance. Acekard 2, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa kadi bora ya zama zile kwa kuzingatia bei yake, na sababu haikuwa vifaa vyake. Watengenezaji waliuweka wazi msimbo wa programu yake, na watu wa kujitolea wakautwaa, wakatoa toleo lao lililoitwa AKAIO na kulitunza kwa miaka. Gemu mpya ilipokuja na mtego mpya, wenye Acekard walisubiri siku chache tu. Wenye R4 walikaa na toleo 1.18, kisha kimya. Watengenezaji wake walikuwa wametoweka, na jina lao likawa mali ya kila kiwanda: R4i, R4 Gold, R4 za rangi zote, nyingi zisizo na uhusiano wowote na ile ya kwanza, nyingine zikiwa na programu iliyotegwa tarehe, ili siku hiyo ikifika kadi igome na mwenye nayo aende kununua nyingine. Kuweka bomu la tarehe kwenye kitu ulichomuuzia mtoto ni uovu, hata kama biashara yenyewe ilikuwa ya kificho.

Kwa waandishi wa programu za nyumbani, yaani zile za wapenzi wasio na leseni, wingi huu wa kadi ulikuwa mzigo. Kila kadi ilizungumza na microSD kwa njia yake, hivyo mtu aliyeandika kihariri cha picha au kicheza muziki alilazimika kutoa toleo la SuperCard, toleo la M3, toleo la R4, na kadhalika. Karibu na 2007 lilipatikana suluhisho zuri sana, DLDI: programu inaachiwa pengo ndani yake, na kila kadi inatoa kipande kidogo cha msimbo cha kuziba pengo hilo. Programu moja ikaenda kadi zote. Katika mazingira hayo Jens Andersson alitoa Colors!, programu ya kuchora kwa kalamu ya DS, bure kwa wenye kadi za flashi. Mwaka 2012 mrithi wake, Colors! 3D, akauzwa rasmi kwenye duka la Nintendo la 3DS, mashine iliyoirithi DS. Mlango wa nyuma ulimfikisha mtu mlango wa mbele.

Lakini nisiupunguze ukweli: kwa kila aliyechora kwa Colors! walikuwepo wengi waliojaza microSD gemu ambazo hawakuzilipia. Julai 2008, Nintendo pamoja na kampuni 54 za gemu zilifungua kesi katika Mahakama ya Wilaya ya Tokyo chini ya sheria ya kuzuia ushindani usio wa haki, na tarehe 27 Februari 2009 mahakama ikaamuru waagizaji na wauzaji wa R4 wakome. Paris ilienda kinyume: Desemba 2009 mahakama iliwaachia wauzaji wa kampuni ya Divineo, hukumu ambayo ilitenguliwa katika rufaa mwaka 2011. London, Julai 2010, Jaji Floyd wa Mahakama Kuu aliamua dhidi ya kampuni ya Playables, na akakataa hoja kwamba kadi inaweza kutumika kwa programu za nyumbani. Kwa kuwa kuipenya kinga ndiyo sharti la kadi kufanya lolote, uwezekano wa matumizi halali haukumsafisha muuzaji. Kisheria naielewa hoja hiyo. Inaniumiza kwamba haikuacha hata upenyo mdogo kwa yule aliyetaka kuandika programu yake mwenyewe.

Watengenezaji wa gemu nao walipigana ndani ya gemu zenyewe, wakati mwingine kwa ubunifu wa ajabu. Ubisoft ilipotoa Michael Jackson: The Experience mwaka 2010, miezi michache baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, nakala ya wizi ikichezwa kwenye DS ilipiga vuvuzela juu ya nyimbo mpaka mchezaji akasalimu amri.

Nintendo DSi, iliyotoka Japani Novemba 2008, iliondoa tundu la chini na kuleta masasisho ya programu. Masasisho kadhaa yaliziziba kadi zilizojulikana. Kadi zikajibu kwa kuvaa sura ya gemu halali: ukichomeka Acekard 2i, menyu ya DSi ilionyesha jina na picha ya Alex Rider: Stormbreaker, na sura hiyo ilipotambuliwa ikabadilishwa kuwa Fish Tycoon. Mara nyingi mabadiliko hayo yalihitaji kufanywa kwenye DS ya zamani kwanza, hivyo mwenye DSi peke yake alimtafuta rafiki mwenye mashine hiyo.

Juu ya 3DS sitakaa sana, maana hapo kadi zilikuwa zinaelekea ukingoni. Gateway ya mwaka 2013 ilikuja na kadi mbili, ya bluu ya kufungulia mlango na nyekundu ya gemu, na mwanzoni mwa 2014 programu yake ilikutwa na msimbo wa kuua mashine iwapo ingehisi inatumika kwenye kadi bandia. Mashine za watu zilikufa. Kilichofuata kinafurahisha zaidi. Mwaka 2017 iligundulika kwamba 3DS ina, ndani ya chipu yake ya kuwashia, njia ya siri iliyowekwa kwa ajili ya mafundi wa kiwandani: ukishikilia Start, Select na X huku ukiwasha mashine ikiwa imefungwa, itajaribu kuanza kutoka kadi ya DS. Kwa kuwa huwezi kubonyeza vitufe vilivyo ndani ya mfuniko uliofungwa, watu waliweka sumaku mahali panapostahili na kuidanganya mashine kwamba mfuniko umefungwa. Kadi za zamani kama Acekard 2i, zilizokuwa zimelala kwenye droo, zikaandikwa upya na kutumika kufufua mashine ambazo hakuna njia nyingine ingeziamsha.

Leo mashine hizi zimekuwa za wapenzi na watunza kumbukumbu, na sababu za kununua kaseti ya flashi zimebadilika. Uchunguzi uliotolewa na Video Game History Foundation mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani haziuzwi tena rasmi. Betri za kaseti za Game Boy zinakufa moja baada ya nyingine, na pamoja nazo michezo iliyohifadhiwa na watoto ambao sasa ni wazazi. Wengine wanatengeneza gemu mpya kwa GB Studio, iliyotoka 2019, na wanataka kuziona kwenye skrini halisi ya Game Boy. Kwao, EverDrive GB X7 ya mhandisi wa Ukraine ajulikanaye kama Krikzz ni kaseti ya kutegemewa: ina saa, inaruhusu kuhifadhi popote, na haikuchezeshi kamari na kazi yako. EZ-Flash Junior inafanya sehemu kubwa ya hayo kwa bei ya chini. Kwa Game Boy Advance, EZ-Flash Omega Definitive Edition ya 2020 imetatua lile jeraha la zamani kwa kutumia FRAM, memori inayoshika data bila umeme, kwa hiyo betri ikifa unapoteza saa tu, si mchezo. Ningemshauri mtu aichukue hiyo kabla ya kutazama nyingine.

Kwa DS, madukani bado zimejaa R4 za bandia, kila moja ikiwa na jina la kundi lililotoweka tangu muongo wa kwanza wa karne hii. Wapenzi wameandika programu mpya za kuziendesha, TWiLight Menu++ na nds-bootstrap, na kwenye DSi programu hizo hucheza moja kwa moja kutoka tundu la SD la mashine yenyewe, bila kadi yoyote. Mwaka 2025 ikatokea DSpico, kadi iliyojengwa juu ya chipu ya RP2040 ya Raspberry Pi, ambayo michoro yake ya umeme pamoja na msimbo wake vimewekwa wazi. Anayejua kushika chuma cha kulehemu anaweza kuagiza bodi, akanunua chipu, akaitengeneza nyumbani, na programu yake haitegemei kiwanda ambacho kesho kinaweza kufunga milango.